Mbwa wa miezi saba ana mapepe, hatulii hata dakika: nianzie wapi?

Baba_Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Nina dume la miezi saba, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, kilo 24. Chanjo anazo na kadi ipo. Anakula vizuri. Shida ni utulivu.

Mbele ya nyumba kuna genge letu la mboga, kwa hiyo watu wanaingia na kutoka kutwa. Mbwa anafungiwa bandani saa 12 asubuhi, anafunguliwa saa 1 usiku genge likifungwa. Banda ni la nyavu pande zote na linaangalia geti. Akifunguliwa ni vurugu: anazunguka nyumba mbio, anarukia kila aliye mbele yake, anavuta kanga za watoto na suruali ya mlinzi, anafukua tuta la mchicha. Kamba za kuanikia nguo keshazikata zote. Ukimfokea anaona mchezo. Ukimchapa kofi anang'ata zaidi.

Majirani wengi ni Waislamu na muda huo ndio wanapita kwenda swala ya isha. Mtu ana udhu wake, mbwa anamrukia na mate, inabidi arudi nyumbani kujitwaharisha na kubadili nguo. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa kuliko mchicha.

Jumamosi na Jumapili nakimbia naye kilomita tatu, anarudi bado moto. Chakula ni mara moja usiku, ugali wa dona na dagaa au vichwa vya kuku. Kuna wanaoniambia nimhasi, kuna wanaosema mnyororo, wengine eti atatulia akikua. Naomba hatua zinazoeleweka, maana watakaozifuata ni mimi, mke wangu na dada wa kazi.

---

Bandani_Kwanza

Mkuu, piga hesabu: saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku ni saa 13. Na katika saa hizo zote anatazama watu wakipita geti asiloweza kulifikia. Mbwa akiona kitu anachokitaka kutwa nzima nyuma ya nyavu, moyo wake unapanda kila mtu anapopita na haushuki. Unachokiona saa 1 usiku kimepikwa tangu asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kumfundisha lolote, rekebisha banda.

Ziba upande unaoangalia geti na genge kwa mbao au mabati kutoka chini hadi mita moja na robo, ili akisimama kwa miguu minne asione kitu. Acha nyavu upande wa nyuma na sehemu ya juu hewa ipite. Kama paa ni bati tupu, weka makuti au turubai juu yake, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya bati na kivuli hicho. Joto la Dar ndani ya banda la bati halimwachi mbwa alale, na asiyelala mchana huwa mkorofi jioni. Umri huo anahitaji usingizi wa saa 14 mpaka 16 kwa siku, vipande vipande. Wengi wanadhani mbwa anayeng'ata ovyo jioni ana nguvu nyingi, kumbe mara nyingi kachoka na hajui kujizima, hasa akiwa mdogo.

Pili, acha kukimbia naye. Kilomita tatu kwa mwendo mmoja kwenye lami zinamjengea pumzi tu, baada ya mwezi atahitaji tano. Isitoshe, mifupa ya mbwa mkubwa inaendelea kukua mpaka miezi 12 hadi 18, na ncha za mifupa hiyo bado ni laini. Mbio ndefu kwenye barabara ngumu, kumfungia pembeni ya baiskeli, kumrusha kwenye ngazi, vyote viahirishe. Kucheza mwenyewe kwenye majani au mchanga hakuna shida, kwa sababu anasimama anapotaka.

Badala yake, saa 11 na nusu alfajiri mtoe kwa kamba ndefu ya mita tano, dakika 20 hadi 25, umwache anuse. Usimvute kwenye kila kichaka. Kunusa kunachosha akili kuliko mbio, na hakumpandishi. Mkirudi, mpe nusu ya chakula cha siku, kisha bandani na kitu cha kutafuna. Saa 6 mchana dada amtoe robo saa kwa mlango wa nyuma, akojoe, afanye zoezi la dakika tatu, anywe maji, arudi. Saa 11 jioni hivyo hivyo. Kwa ratiba hiyo, ukimfungua saa 1 usiku atakuwa keshatoka mara tatu.

Matembezi yawe kabla ya jua kukomaa. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua.

---

Kamba_Mita_Tano

Naongezea upande wa mafunzo, na nitarefusha kidogo maana hapa ndipo watu wanapokatia tamaa.

Andaa malipo kwanza. Chemsha maini ya ng'ombe robo kilo bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, kibichi au kilichopikwa), acha yapoe, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Unapata zaidi ya mia mbili. Gawa mafungu matano, weka friza, toa fungu moja kwa siku. Maini yakizidi anaharisha, kwa hiyo mazoezi mengine tumia dagaa wasio na chumvi waliokatwa vichwa. Vaa kijimfuko kiunoni. Malipo yanayotafutwa jikoni hufika mbwa akiwa keshafanya jambo jingine, na hilo ndilo utakalokuwa umemlipa.

Chagua neno moja la kumwambia "hapo ndipo penyewe". Neno "safi" linafaa, ni fupi na halichanganyiki na jina lake. Kaa naye pembeni, sema "safi", mpe kipande. Tena. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Ukilisema akiwa anatazama pembeni na akageuka haraka kukutazama, limeingia. Kuanzia hapo linatoka palepale anapopatia, kisha kipande kinafuata ndani ya sekunde moja au mbili.

Gunia. Hili ndilo zoezi kuu, mengine yote yanajengwa juu yake. Chukua gunia safi la katani au blanketi kuukuu lililokunjwa. Mkeka wa plastiki unateleza na atautafuna. Litandike mahali pa kimya, mbwa akiwa na kamba. Unyayo ukigusa gunia, "safi", dondosha kipande juu ya gunia. Fanya mara tano, kisha tupa kipande kimoja mbali ili ashuke, mngoje arudi mwenyewe. Akishajua kwamba gunia ndilo linalotoa nyama, acha kulipia kusimama. Nyamaza tu, ngoja. Wengi hujilaza ndani ya dakika moja au mbili. Asipojilaza, mwongoze kwa kipande kutoka puani mpaka chini kati ya miguu ya mbele.

Kipande usimpe mdomoni kutoka mkononi. Kiweke polepole juu ya gunia, katikati ya miguu yake ya mbele. Mkono ukitoka juu, kichwa kinafuata juu, kiuno kinainuka, na unakuwa umemfundisha kunyanyuka.

Sasa tazama kiuno. Mbwa aliyejilaza miguu ya nyuma ikiwa imekunjwa sawa chini yake yuko tayari kuruka, huyo anasubiri tu. Aliyelalia paja moja, miguu ya nyuma yote miwili ikiangukia upande mmoja, ameanza kutulia. Mlipe huyo vizuri zaidi. Akishusha kidevu chini au akitoa pumzi ndefu kwa pua, weka vipande viwili, kimoja kimoja.

Muda upande kwa kuyumba: sekunde 3, 5, 8, 4, 12, 6, 15. Ukipandisha tu kila mara, anagundua kwamba kazi inazidi ugumu, anaondoka. Kipimo ni majaribio matano: akifaulu manne, ongeza ugumu. Akishindwa mawili mfululizo, rudi nyuma hatua moja. Na uongeze jambo moja kwa wakati, ama muda, ama umbali wako, ama vurugu za pembeni, usichanganye. Maliza kwa neno la kumwachia, mfano "haya", akiwa bado ametulia. Asijiachie mwenyewe.

Neno "tulia" lilete mwishoni kabisa, akiwa tayari anajilaza bila kuambiwa. Ukilisema tangu mwanzo huku anarukaruka, ndilo litakuwa jina la kurukaruka. Na kaeni kikao cha nyumba mkubaliane maneno. Baba akisema "kaa", mama "keti", dada "kaa chini", halafu mtu mwingine atumie "kaa" kwa maana ya kubaki hapo hapo, mbwa hana kosa. Kwa mbwa wako tumia haya: *kaa* (makalio chini), *lala*, *tulia* (gunia), *acha*, *njoo*, *haya*. Basi, yanatosha.

Kila zoezi dakika tatu hadi tano, mara tatu au nne kwa siku. Nusu saa mfululizo inamchosha yeye na inawakasirisha ninyi.

Kurukia watu. Funga kamba ya mita mbili kwenye nguzo imara. Mtu anamwendea polepole akitokea hatua tano. Miguu ya mbele ikiinuka, mtu anarudi nyuma hatua moja, bila neno, bila kumtazama usoni. Ikishuka, anasogea. Akimfikia mbwa miguu yote minne ikiwa chini, "safi", kipande kinawekwa *ardhini*, mbele ya viatu vya mtu huyo. Pua ikiwa chini haiwezi kuruka. Msimsukume kwa mikono, kwake huo ni mwaliko wa mieleka. Na goti la kifua mnaloambiwa mumpige linaumiza mbavu na kumfundisha kuwaogopa watu wanaomkaribia.

Kuvuta kanga. Kitambaa kinachokimbia na mtoto anayepiga kelele ni mchezo mtamu kuliko mingine yote. Simama kabisa, shika kanga isipepee, nyamaza. Akiachia, mpe kamba ya fundo atafune. Akirudia, mtu mzima apite upande wa pili wa mlango sekunde 20 hadi 30, arudi kama hakuna kilichotokea. Dakika kumi ni nyingi mno, atakuwa kasahau sababu na anafukua mchicha. Kwa sasa, kila anapokuwa huru, avae kakamba kembamba ka mita mbili kanakoburuta, kasiko na kitanzi mwishoni kasije kanasa. Unakakanyaga, mchezo umekwisha. Kavaliwe mkiwepo tu. Watoto wasihusishwe na mazoezi mpaka atulie kwa watu wazima.

---

Fimbo_Haidanganyi

Mnamdekeza. Mbwa ni fimbo na mnyororo, wiki mbili ananyooka. Na huyo mnayemfundisha kulala kwenye gunia siku mwizi akiingia atamkaribisha chai. Mbwa wa ulinzi anafungiwa asione watu ndio anakuwa mkali. Zamani walikuwa wanapewa pilipili na bangi.

---

Mganga_wa_Mifugo_Moro

Mkuu wa fimbo, nakujibu kwa heshima, maana mawazo hayo yapo kila mtaa.

Mbwa anayefungiwa siku zote bila kuzoeshwa watu anakuwa *mwoga*, halafu woga wake unatoka kwa meno. Huyo hachagui. Atamng'ata mwizi, na pia mtoto wa jirani anayefuata mpira, na mjukuu anayekuja likizo. Mlinzi mzuri anabweka mtu akifika, anarudi akiambiwa, na anajua nani wa nyumbani. Hiyo kazi inahitaji kichwa kilichotulia. Pilipili inaunguza mdomo na tumbo tu, na bangi ni sumu kwa mbwa, wanaletwa wakiwa wanayumba na kujikojolea.

Mnyororo una shida yake. Mbwa anakimbilia watu mpaka mnyororo unamkaba, kila siku, na mwisho anaunganisha watu na maumivu ya shingo. Kumfunga dakika chache mkiwepo ni sawa, kama zoezi la nguzo hapo juu. Kumfunga kutwa ni kumfundisha ubaya. Na kofi kwa mbwa wa miezi saba aliyepanda moto ni kuongeza moto. Mwenye swali mwenyewe kasema akichapwa anang'ata zaidi.

Sasa afya. Kabla ya kusema ana tabia mbaya, hakikisha hawashwi. Mlaze upande, fungua vidole kimoja kimoja, kupe hupenda kujificha humo na ndani ya masikio. Viroboto watafute mgongoni karibu na mkia. Chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyolowa, punje nyeusi zikiyeyuka rangi ya damu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Nusa masikio, yakinuka au yana uchafu wa rangi ya kahawa yanahitaji matibabu. Mbwa anayewashwa halali, na mmeshaambiwa asiyelala anakuwaje. Tafadhali msimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria kifuniko. Vipimo vyake si vya mbwa, na kuna dawa za ng'ombe zinazoua mbwa.

Minyoo: kuanzia miezi sita, kila miezi mitatu, kwa uzito halisi. Panda naye kwenye mizani, kisha jipime peke yako, toa.

Chakula kigawe mara mbili, asubuhi na jioni. Njaa ya saa 24 peke yake inatosha kumfanya mbwa awe na wenge. Ugali ukizidi sana anashiba bila kupata protini ya kujenga mwili, kwa hiyo dagaa, nyama au mayai viwe sehemu kubwa ya sahani, na muulize daktari wako kuhusu madini ya chokaa kwa mbwa anayekua. Vichwa na miguu ya kuku chemsha mpaka mfupa upondeke kwa vidole. Mifupa iliyopikwa nusunusu au kuchomwa inavunjika vipande vyenye ncha vinavyochana utumbo. Akishakula, apumzike saa moja kabla ya kukimbia.

Kuhasi: kunapunguza kuzurura, kupanda wenzake na kukojoakojoa kila ukuta. Hakumfundishi kutoruka wala kutovuta kanga. Kwa mbwa mwenye damu ya German Shepherd ni busara kungoja mifupa imalize kukua, kwa hiyo jadili na daktari akifika mwaka mmoja na kuendelea. Dawa za usingizi za binadamu, diazepam na jamaa zake, msimpe kwa akili zenu. Kwa mbwa zinaweza kufanya kinyume na kumpandisha wazimu.

La mwisho kwangu, na ni zito. Meno yakitoboa ngozi, hata kwa mchezo, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukiwa na kadi ya chanjo ya mbwa. Mbwa afungwe chini ya uangalizi siku 10. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mbwa wako ana vurugu za siku zote, hilo ni suala la mafunzo. Mbwa aliyebadilika *ghafla*, sauti imekauka, anashindwa kumeza, anadondosha mate, anang'ata hata mti, huyo hafundishwi. Kaeni mbali, ita afisa mifugo mara moja.

---

Wa_Kabete

Nipite haraka na mambo ya kumpa kazi bandani, maana kumwambia mtu "mpe kitu cha kutafuna" bila kusema kipi ni kumwachia mtihani.

Trei ya mayai ya karatasi ngumu ni hazina. Weka chakula chake cha asubuhi kidogo kidogo kwenye vishimo, funika na trei ya pili, funga na utepe wa kitambaa. Atachukua robo saa kuichana. Okota karatasi baadaye, na kama ni mbwa anayemeza karatasi badala ya kuitema, achana na njia hii. Chupa ya plastiki toa kifuniko *na ule mkufu wa shingoni*, toboa tundu kubwa kuliko chakula, aizungushe. Ikianza kupasuka, tupa. Paka uji mzito uliopoa au siagi ya karanga isiyo na sukari mbadala (soma lebo, zailitoli inaua mbwa) mgongoni mwa sahani ngumu ya plastiki, igandishe, alambe. Kulamba kunamshusha moto vizuri sana, ndiyo maana nampangia saa ya hatari ya jioni.

Usimpe gunzi la mahindi. Narudia kwa herufi kubwa: GUNZI HAPANA. Haliyeyuki tumboni, linaziba utumbo, na hapo ni upasuaji. Kokwa ya embe ni hivyo hivyo. Soksi pia. Vipande vya tairi vina nyaya ndani. Mbwa anayetapika kila anachomeza, hapati choo na tumbo ni gumu, asingoje kesho.

Kuhusu mchicha: zungushia tuta nyavu, kisha mpe kona yake ya kufukua, mita moja kwa mita moja na nusu, udongo uliochanganywa na mchanga. Fukia dagaa kadhaa juujuu mbele yake. Siku zinazofuata fukia akiwa bandani, ndani zaidi. Mbwa anayefukua hakomi kufukua, unamhamisha tu.

---

Baba_Tegeta

Shukrani sana wakuu. Banda tumeziba, mchana sasa analala kweli, dada kashangaa. Ila mawili. Kuruka kumezidi badala ya kupungua, jana alimrukia mke wangu mpaka kifuani ilhali tunafuata yale ya nguzo. La pili, kwenye gunia anatulia vizuri ndani ya uwanja, lakini geti likilia tu anatoka kama risasi.

---

Kamba_Mita_Tano

La kwanza ni dalili nzuri, ingawa haionekani hivyo. Njia iliyokuwa inamletea mikono na kelele imeacha kufanya kazi, kwa hiyo anaijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Kipindi hiki ndicho kinachoharibu kila kitu: watu wanavumilia mara tisa, ya kumi wanamsukuma na kumpigia kelele. Mbwa anajifunza kwamba inabidi aruke mara kumi. Hapo unakuwa umemtengeneza mrukaji sugu. Chunguza nani anavunja utaratibu. Mara nyingi ni mlinzi anayempapasa usiku akimrukia, au watoto. Mlinzi naye apewe vipande na neno lile lile.

Na msimwache apate nafasi ya kurudia. Kama hakuna mtu wa kushika kamba wakati mkeo anaingia na mizigo, mbwa awe bandani dakika hizo tano.

La pili, geti ni zoezi lenyewe, tofauti na la gunia. Umerukia kutoka darasa la kwanza hadi la saba. Sauti ya komeo kwake ina maana ya watu, kwa hiyo ivunje vipande vipande.

Weka gunia hatua kumi kutoka getini, pembeni, asizibe njia. Mbwa na kamba, mwisho wa kamba umefungwa kwenye nguzo ili asifike getini hata akifyatuka. Mtu wa pili asimame getini. Agonge komeo kwa kidole mara moja, kidogo sana. Wewe palepale dondosha kipande kwenye gunia, *kabla* hajaamua kunyanyuka. Hapa hungoji afaulu, unaunganisha tu sauti na nyama ya chini. Mara kumi na tano. Utajua imeingia sauti ikisikika naye akainamisha kichwa kuangalia gunia badala ya kuinua masikio getini. Ndipo komeo lisogezwe nusu. Kisha lote. Kisha geti lifunguliwe upana wa kiganja, lifungwe. Kisha mtu wa nyumbani aingie, asimame, atoke. Kisha aingie akitembea. Kisha aseme "hodi". Hodi peke yake ni hatua nzima, kuna mbwa wanaovumilia geti na kulipuka kwa hodi.

Kila hatua ikae kikao kizima au viwili. Akifyatuka, usimgombeze, mtu wa getini anarudi nje na geti linafungwa. Mngoje ajilaze, mrudie hatua iliyotangulia. Akifyatuka mara mbili, hatua ilikuwa kubwa, igawanye.

Kwa majirani zako, usiwatumie kama wa kufanyia mazoezi. Waombe wale wasiojali mbwa, au ndugu. Na mpaka geti likae sawa, mbwa asiwe huru uwanjani geti likiwa wazi kati ya magharibi na isha. Mfungue baada ya watu kurudi msikitini, kama saa 2 na nusu, na kile kipindi cha kabla yake alambe sahani yake ya uji bandani.

---

Mganga_wa_Mifugo_Moro

Naunga mkono hilo la saa 2 na nusu. Nyongeza ndogo: mkimtoa jioni kwenye joto, angalieni ufizi na mwendo. Akihema kupita kiasi, ufizi umekuwa mwekundu sana, mate mazito, anayumba, simamisha kila kitu. Kivulini, mmwagie mwili mzima maji ya kawaida ya bomba, mpepee, mpe maji kidogo kidogo bila kumlazimisha, mkiwa njiani kwa daktari. Msimfunike na taulo lililolowa mkaliacha juu yake, linahifadhi joto.

---

Baba_Tegeta

Nimeelewa. Gunia lisogezwe hatua ngapi kila wiki kuelekea getini?

---

Kamba_Mita_Tano

Usilisogeze, mkuu. Liache hatua kumi hapo hapo, ndipo pake pa kudumu wageni wakifika. Kinachobadilika ni kamba: akifaulu mtu akiingia na hodi mara tano kati ya tano, siku mbili tofauti, ifungue kwenye nguzo lakini iendelee kuburuta, wewe umesimama karibu na mwisho wake.